Mwalimu Aliyepakwa Malakiti

Uso wake niliujua kuliko mkewe alivyoujua, na mkewe mwenyewe aliwahi kuniambia hivyo, tena si kwa furaha. Miaka minne, kila Jumatano na kila Jumamosi, uso ule ulikaa mbele yangu saa mbili nzima nikiupaka rangi ya kijani. Nalijua kovu la chini ya kidevu. Naijua nyusi ya kushoto iliyokataa kulala hata uilambe. Naujua mshipa wa kwenye paji uliokuwa unasimama akitajiwa mtu fulani, na watu fulani walikuwa wengi. Sijapata kuona mwanadamu mwenye maadui wengi namna ile kwa kazi ya ualimu tu.

Namweleza kwa sababu nilimtendea jambo baya nikidhani namtendea jema. Nilimlipia kisasi, na kisasi kikamwangukia yeye mwenyewe. Nasema mapema asije mtu akadai nimeficha. Jina lake sitalitaja. Kolwezi nzima, mji wetu wa migodi huku Katanga, ilimwita Malakiti, wanafunzi wake, wauza mkate, hata padri, na yeye alinuna lakini aliitika.

Malakiti ni jiwe la kijani la shaba. Huku kwetu watoto hulitumia kuchorea chini. Lilikuwa pia jina la mtu wa nyota nyingine katika mchezo wa televisheni uliotengenezwa hapahapa mjini, kwenye studio ndogo iliyokuwa nyuma ya ukumbi wa sinema. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wachimbaji wa kwetu wanapelekwa mwezini kuchimba shaba, na kiongozi wao anaitwa Komanda. Huko wanamkuta kiumbe mmoja wa kijani, wa mwisho katika ukoo wake, anayeweza kunusa madini ndani ya mwamba. Wanamdanganya, wanamwibia, wanamsahau nje bila hewa. Yeye kila mara anawasamehe na kuwaonyesha njia ya kurudi. Mwezi tuliupigia picha kwenye milima ya mchanga wa taka nje ya mji, ambako haioti hata nyasi, na kofia za kwenda mwezini zilikuwa kofia za wachimbaji zilizopakwa rangi ya fedha. Msicheke. Jumapili jioni mtaa ulikuwa mtupu, kila mwenye televisheni amejaziwa watu mpaka dirishani.

Komanda ndiye aliyekuwa nyota wa mchezo. Alikuwa karani wa gereji, kijana wa kupendeza, mwenye meno meupe na kifua cha kujidai. Malakiti alikuwa wa pembeni tu. Anatokea mara tatu nne, anasema maneno machache, anaondoka. Lakini watu walimsubiri yeye. Komanda alilijua hilo na lilimkera, na mi nililiona kwa sababu wote wawili nilikuwa nawapaka.

Rangi tuliitengeneza kwa jiwe lenyewe. Mwalimu alifundisha kemia kwenye sekondari ya wavulana na hakumwamini mtu mwingine kusaga. Alisaga malakiti kwenye kinu cha maabara, akachekecha kwa soksi ya nailoni ya mkewe, akaleta unga ndani ya kopo la maziwa. Kazi yangu ilikuwa kuuchanganya na glisirini na kumpaka kuanzia kwenye nywele mpaka kifuani. Kopo lile lilikaa kwenye rafu ya studio, na hakuna aliyethubutu kuligusa ila sisi wawili.

“Hii ni sumu,” aliwaambia wote. “Ukiitia mu kinywa, utatapika mpaka jina yako.”

Kwa hiyo akishapakwa hakula kitu. Chai alikunywa kwa kuifyonza na kikonyo cha jani la mpapai, sukari vijiko sita, macho yamefumbwa kwa raha. Na hapo kwenye kiti changu ndipo alipofungua kesi zake.

Kulikuwa na muuza nyama ambaye, miaka kumi na moja kabla, alimuuzia mkewe mifupa badala ya nyama. Mifupa! Tangu siku ile mwalimu alizunguka soko zima kwa nyuma ili asipite mbele ya bucha ile. Upepo ulipoezua paa la bucha, yeye ambaye hanywi pombe aliingia baa akawanunulia watu bia meza nzima. Kulikuwa na mkaguzi wa shule aliyemsahihisha mbele ya wanafunzi, kumbe mkaguzi mwenyewe ndiye aliyekosea. Huyo aliandikiwa barua kila mwaka, siku ileile, ya kumweleza upya jibu lililo sahihi. Mkaguzi akahamishiwa Tenke, barua zikamfuata Tenke. Akastaafu akaenda kulima Lubudi, zikamfuata kwenye mihogo yake.

“Tata, si umusamehe tu?” nilimwambia siku moja, maana kwetu baba ni tata. “Mukaguzi amezeeka.”

“Ni Mungu njo anasamehe,” alinijibu, “sababu hakai jirani na batu.”

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kusamehe kila wiki mbele ya mji mzima. Alikuwa anaisoma karatasi ya mchezo, mshipa unasimama, anamfuata mwongoza picha. “Leo pia minasamehe? Juma iliyopita aliniacha inje bila hewa!” Mwongoza picha, mtu mpole aliyechoka, alimjibu vilevile kila mara: “Mwalimu, hii njo mchezo tu.” Basi anaenda, anasimama juu ya ule mchanga, anafumba macho, anavuta pumzi ndefu, anasema kwa sauti yake ile nzito, “Nendeni salama.” Wamama walilia majumbani. Walisema, tazama huruma ya kiumbe yule. Huruma gani? Mi nilijua anamfikiria muuza nyama.

Siku moja mume na mke wa mtaa wa pili walimletea ugomvi wao getini. Walitaka awapatanishe, maana waliona kwenye televisheni ana subira. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Malakiti eko mu televisheni, muende mumutafute kule. Hapa ni kwa mwalimu. Na wewe bwana ni mupumbafu, na mama naye anakushinda.” Walipatana palepale, wote wawili wakiwa na hasira naye.

Na kiburi chake, asikwambie mtu. Mwanzoni kabisa mwongoza picha alitaka Malakiti aongee lugha ya nyota yake. Akamwambia, “Wewe ni wa Kasai, ongea tu Kiluba ya kwenu, hapa hawatasikia.” Mwalimu aliweka kikombe chini. “Luga ya mama yangu si luga ya majini,” alisema. “Na huyu Masengo anayenipaka ni Muluba wa hapa hapa Katanga, atasikia nusu yake. Utamufanya naye wa nyota?” Masengo ni mimi. Na ni kweli, kwao na kwetu maneno ni ndugu, maji ni yaleyale na mama ni yuleyule. Mwishowe mwalimu alitunga lugha yake. Alichukua majina ya elementi za kemia kwa mpangilio wake, akayaimba polepole, haidrojeni, heli, liti, berili, mkono mmoja juu. Mji mzima ukaamini ni dua ya nyotani. Wanafunzi wake tu ndio waliokuwa wanajiviringisha kwa kicheko, na mtihani wa mwaka ule hakuna aliyeanguka.

Nisimfanye jiwe. Barazani kwake mlango wa mbao uliandikwa chaki pande zote mbili, maana jioni aliwafundisha bure watoto wa mtaa, wakiwemo wadogo zake Komanda. Na binti yangu wa kwanza alipokunywa mafuta ya taa, mi nilikimbilia mawese nimtapishe. Mwalimu aliruka ua, maana nyumba zetu zilitazamana, akanipiga mkono chupa ikaruka. “Usimutapishe! Yatamuingia mu mapafu!” Akamfunga mtoto kifuani kwa kitenge changu, akapanda baiskeli mpaka hospitali, suruali ya kulalia, ndala mguu mmoja. Binti yangu leo ana watoto wanne. Mifupa ya muuza nyama aliikumbusha miaka kumi na moja, lakini jambo lile hakulitaja kwangu hata mara moja.

Kisha mji ukaanza kufa. Kampuni iliyotulisha wote iliishiwa nguvu. Mgodi mkubwa uliporomoka, mishahara ikalipwa kwa unga wa mahindi, halafu hata unga ukakoma. Wakubwa wa siasa wakaja kuhutubu uwanjani. Walisema wa Kasai, watu wa jimbo la jirani, ndio waliokula kazi zetu na nyumba zetu. Wakawaita bilulu, wadudu. Mwenye njaa ukimwonyesha mwizi, haombi ushahidi. Watu waliokuwa wameoana, waliozika pamoja, walianza kuhesabiana majina. Na Komanda wetu, mwenye meno meupe, akawa kiongozi wa vijana wa mtaa.

Walikuja kwa mwalimu asubuhi, kama ishirini hivi, na fimbo. Mi nilikuwa getini kwangu na kitana mkononi, maana nilisuka nywele pia, nyuma yangu mteja kichwa nusu kimesukwa.

“Mwalimu,” Komanda alisema, “uko na mpaka saa sita ya muchana. Hii nyumba si yako tena.”

“Ni ya nani?”

“Ya Bakatanga.”

“Katanga yote italala mu byumba bitatu?”

“Usinizarau, mwalimu.”

“Kukuzarau? Nilianza zamani, tangu ukiwa mu darasa yangu.”

Komanda alimpiga kofi. Mwalimu yule, aliyewafundisha wadogo zake bure! Mkewe alitoa sufuria, magodoro, cherehani. Cherehani wakaichukua. Mlango wenye chaki nao ulibaki. Na mi, ambaye mtoto wangu alipona kwa miguu ya mwalimu yule, sikusema neno. Niliogopa. Nilirudi ndani nikamalizia kusuka, na siku ile nilisuka vibaya sana.

Jioni Komanda alilala kwenye kitanda cha mwalimu. Nilimsikia akipiga miluzi.

Kituo cha treni kiligeuka kijiji. Maelfu ya watu walikaa pale wiki na wiki chini ya maturubai wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara. Nilikuwa napeleka bukari, ugali wa kwetu, na mboga nimefunika kwa kitenge, kama mwizi. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya sanduku la vitabu, ndevu zimeota nyeupe.

“Analala mu kitanda yangu?” aliniuliza.

“Ndiyo, tata.”

“Anakalia kiti yangu?”

“Ndiyo.”

Mshipa ulisimama. “Mungu eko na kazi mingi siku hizi,” alisema. “Mi ningepewa sura yake saa moja tu. Saa moja, Masengo, basi.”

Nilirudi na neno lile likinichoma. Sura ya Komanda nilikuwa nayo mimi! Kila Jumatano na kila Jumamosi, mikononi mwangu!

Na wiki ileile mwongoza picha aliniita. Watu wanamwulizia Malakiti, alisema, mchezo hauwezi kuendelea bila yeye. Basi Malakiti atachezwa na Komanda mwenyewe, akishapakwa nani atamtambua? Komanda alikuwa amesimama pembeni anacheka. Alikuwa amechukua nyumba, kitanda, cherehani, na sasa anataka hata uso. Nikasema sawa. Nikasema, Jumamosi nije na rangi?

Kwenye njia ya kwenda mtoni kunatambaa upupu. Ni mmea wa maganda yenye manyoya membamba; ukiguswa nao unajikuna mpaka damu, na ukikuna ndiyo unausambaza. Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi, kitambaa puani, nikayakwangua manyoya ya maganda arobaini na kitu. Nilikuwa naimba. Kweli kabisa, nilikuwa naimba wimbo wa kanisani. Nikayamwaga kwenye kopo la maziwa la mwalimu, juu ya unga wake uliobaki, nikatikisa vizuri.

Jumamosi nilimpaka Komanda kwa sifongo refu, taratibu, kuanzia kwenye nywele. Nilisifu meno yake. Nilimwambia funga macho, nikapita juu ya kope. Dakika ya kwanza alisema, “Mbona inawasha?” Nikamwambia ni glisirini, itakaa sawa. Ya tatu alikuwa amesimama. Ya tano alikuwa anajikuna kwa kucha kumi, analia, kamasi ya kijani inamtoka, anajigonga ukutani. Akatoka nje mbio, kifua wazi, nusu kijani nusu damu, akakata katikati ya soko. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. “Malakiti ameshuka!” Alijitupa kwenye pipa la maji la muuza samaki.

Nilifurahi. Sitadanganya. Roho yangu ilipoa kama niliyekunywa maji ya mtungi. Sijawahi kufurahi vile, si siku ya harusi yangu, si siku ya kujifungua. Furaha ile ilidumu labda nusu saa.

Maana walipomleta studio, uso umevimba macho hayaonekani, vijana wake waliuliza rangi ni ya nani. Na mwongoza picha, bila ubaya wowote, kwa uchovu wake uleule, akasema, “Kopo ni ya mwalimu. Anasaga yeye mwenyewe. Alituambiaka ni sumu.”

Hakuna aliyenitazama mimi. Mwanamke na sifongo lake, nani angemdhania? Walilichukua kopo, wakaelekea kituo cha treni.

Niliwafuata. Nilikuwa nakimbia nyuma yao, na njia nzima nilikuwa najiambia, nikifika nitapiga kelele, nitasema ni mimi. Nilifika. Walikuwa wamemshika mikono, mkewe anasukumwa huku, watoto wanapiga mayowe. Mmoja aliinua kopo.

“Ni wewe ulitia dawa humu?”

Mwalimu alilitazama kopo. Alinusa. Kisha akainua macho, akayapitisha juu ya watu, akanikuta nimesimama karibu na bomba la maji. Alinitazama. Si kwa muda mrefu.

“Ni mi,” alisema.

Wakamlaza. Wakamfungua macho kwa vidole na kumsugulia unga ule mkavu, wote, mpaka kopo likaisha. “Jipake wewe sasa!” Mdomo wangu haukufunguka. Mpaka leo najiuliza ulikuwa mdomo wa nani. Nilimwona anavyojiviringisha kwenye kokoto za reli, mtu yule mwenye sauti, analia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye mchezo wowote. Siku mbili baadaye treni ilikuja. Mkewe alimpandisha kwa kumshika kiuno, macho yamefungwa kwa kipande cha shuka.

Mchezo ulikufa, kamera iliibwa, studio ikawa ghala la makaa. Komanda alipona baada ya siku kumi. Bado anakaa kwenye nyumba ile, ng'ambo ya geti langu, amenenepa, anaimba sauti ya besi kwaya ya kanisa. Kila asubuhi ananisalimia, “Mama Masengo, jambo,” na kila asubuhi naitikia huku namtakia upupu. Sijachoka. Mtu akiniambia muda unaponya, namwuliza anaishi mtaa gani.

Miaka ikapita, zaidi ya ishirini. Wa Kasai wengi walirudi, wengine kwa kobalti, wengine kwa sababu kwao ni hapa. Mwaka juzi mteja mmoja aliniambia kwamba Kasulo kuna mzee kipofu, zamani alikuwa mwalimu, anakaa kwa binti yake. Sikulala vizuri wiki nzima. Kisha nikavaa kitenge kizuri, nikaenda.

Kasulo ni mtaa ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Uani kwa binti yake palikuwa na shimo limefunikwa turubai, na yeye alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha plastiki, nywele nyeupe, macho yamekuwa kama maziwa. Nyusi ya kushoto ilikuwa bado imesimama. Binti yake alikuwa jikoni anasonga bukari.

“Tata, jambo.”

Aligeuza kichwa. “Masengo.”

Nilikaa chini, kwenye udongo, sikungoja kiti. Nilianza kusema na sikuweza kuacha. Niliyasema yote, maganda arobaini, wimbo wa kanisani, sifongo, pipa la muuza samaki, mdomo wangu uliokataa kufunguka. Nilipofika kwenye pipa alicheka, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaniomba nirudie pale Komanda alipojigonga ukutani. Nilirudia. Jikoni mwiko ulikuwa umenyamaza.

“Umesahau kitu kimoja,” alisema alipomaliza kucheka. “Hukusema kama mi nilijua.”

“Ulijua, tata?”

“Malakiti haiwashi. Nilikaa nayo mu ngozi miaka ine. Na kopo tuliigusa sisi babili tu. Si mi, basi ni nani?”

“Sasa juu ya nini ulisema ni wewe? Ungenitaja! Mi nilikuwa pale!”

“Ningekutaja, bangekuua palepale.” Alisema taratibu, kama anayesoma ubaoni. “Na maiti haikumbuki kitu. Mi nilitaka ukumbuke.”

Nilikuwa nimeamini kwa miaka yote ile, siri moyoni, kwamba alifanya kwa kunipenda.

“Na umekumbuka?” aliuliza.

“Kila siku, tata.”

“Muzuri.”

“Tata, nisamehe.”

Binti yake alitoka jikoni na chakula. Alikuwa ameweka kama inavyowekwa kwetu, sinia moja, bukari moja kubwa, bakuli moja la makayabo, samaki wa chumvi, ili mzee na mgeni wake wachovye pamoja. Alikuwa amesikia yote. Aliliweka sinia katikati yetu na akainua maji amnawishe baba yake kwanza.

Baba yake aliirudisha mikono yake mapajani.

“Munawishe yeye,” alisema. “Mi sitakula.”

Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Wenye neno kati yao hawachovyi bakuli moja, na mzee akikataa kunawa mbele yako, hakuna wa kukuombea. Binti alinitazama mara ya kwanza. Kisha akanimiminia maji, nami nikanawa, kwa sababu kukataa kungekuwa kumtukana mara ya pili.

“Kula, Masengo.”

“Tata, tukule wote. Minakuomba.”

“Msamaha sina. Chakula iko. Kula.”

Nikamega. Bukari ilikuwa moto, makayabo yamepikwa vizuri na nyanya. Yeye aliinamisha kichwa kunielekea, sikio mbele, ananisikiliza. Nilipopunguza mwendo aliuliza, “Unakula?”

“Minakula, tata.”

“Samaki umefikia?”

“Nimefikia.”

“Maliza.”

Nikamaliza, mimi peke yangu, sinia la watu wawili.